Asubuhi Tulipoomba Laini Izimike

Tangu nistaafu naamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, navaa buti, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Nazunguka kiwanja. Nasukuma ukuta wa banda la kuku kuona kama bado umesimama wima. Mume wangu amesema nikiendelea kugongagonga nguzo za nyumba kusikiliza kama zimeoza, atahamia kwa dada yake Busia. Ndiyo maana nimejilazimisha kukaa na kuwaandikia nyinyi mliobaki depo ya umeme, hasa nyinyi wasichana mlioingia mwaka huu. Habari za vyeo na mishahara nawaachia waliovipata kwa wingi. Mimi nitawaeleza habari za nguzo na waya, na asubuhi moja ambayo kila ikifika majira haya ya mvua ndogo hunitoa kitandani.

Mnanijua kwa jina la Nabwire. Ni Msamia, na Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo nilizaliwa na kusoma Busia ya Kenya, nikaolewa huku Uganda. Siku ya kwanza nilifika depo Tororo nimevaa sketi, kwa sababu hakuna aliyenieleza nije vipi. Mtu wa stoo alinitupia ovaroli ya fundi aliyekuwa ameacha kazi zamani, na mkanda wa kupandia ambao matundu yake yote yalikuwa ya kiuno cha mwanamume mnene. Nilipasha msumari moto nikatoboa matundu mapya. Nilikuwa bado nahangaika nao alipokuja msimamizi wa mafundi wa laini, Mzee Othieno, Mjopadhola mrefu mwenye sauti ya chini.

"Wewe ndiye fundi waliyeniletea?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaogopa kwenda juu?"

"Sijui, mzee. Sijawahi kupanda."

"Afadhali. Wale wanaosema hawaogopi ndio huwa nawateremsha kwa kamba."

Akanipeleka kwenye nguzo ya mazoezi nyuma ya depo. Nilifika katikati, miguu ikaanza kutetemeka hata vile vyuma vya kupandia vikawa vinalia kwenye mbao. Wenzangu walikaa chini wakisubiri kucheka. Mzee Othieno hakunipigia kelele wala hakunitia moyo. Alianza tu kunisimulia habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha usiku ule, mmoja mweusi, mwingine ana doa, na jinsi mama yao alivyomkataa yule wa doa. Nikawa nasikiliza. Kuja kushtuka, nimeshika kichwa cha nguzo na mtetemo umeisha. Yule mwanambuzi alipona, kama mnataka kujua.

Kila nilichojua katika kazi hii alinipa yeye. Alinifundisha kupuliza glovu za mpira kama puto kabla ya kuzivaa, ukisikia zinapumua hata kidogo unazitupa. Alinifundisha kugonga nguzo kwa fundo za vidole na kusikiliza, kwa maana iliyooza inajibu kama ngoma. Alinifundisha kwamba waya ni hai mpaka wewe mwenyewe umeufunga ethi, yaani umeuunganisha na ardhi, kwa mikono yako, hata kama mkubwa wa ofisi amekuapia kwa simu kwamba umezimwa. Na alikataa kabisa kukagua laini kwa gari. "Gari linaona barabara," alisema. "Laini inaonwa na miguu." Kwa hiyo nimetembea kutoka Tororo mpaka Busia, kutoka Tororo mpaka Malaba, katika mihogo, mtama na vinamasi, shingo imeinuka, mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo nikiwa kanisani naangalia dari.

Tulikuwa na mambo ya kila aina. Malaba madereva wa malori, foleni ikikaa sana, walianika nguo kwenye nyaya zinazovuta nguzo, na tulipowakataza walituuliza tunataka waanike wapi. Chatu alipata joto zuri juu ya transfoma akalala hapo moja kwa moja. Trela lilirudi nyuma likavunja nguzo, dereva akasema nguzo ndiyo iliyomfuata. Hayo yote yanachosha mwili, lakini yanaisha, ukirudi nyumbani unalala. Kesi ninayotaka kuwaeleza haikuniacha nilale.

Laini ya Tororo kwenda Busia ilikuwa imekarabatiwa. Ile mikono ya nguzo, yaani vipande vinavyolala juu na kubeba nyaya, ilikuwa ya mbao tangu zamani, ikabadilishwa ikawekwa ya chuma. Kazi nzuri, imenyooka, tuliipenda. Mvua ndogo zilipoanza mwaka ule, laini ikaanza kutripu alfajiri. Haikuwa usiku wala mchana. Jua likitaka kutoka, pap, inazimika. Tunaondoka depo, tunaikagua, tunafika upande wa Masaba kwenye kinamasi, hatuoni kitu. Waya haukukatika, tawi halikuuangukia. Kilichoonekana ni alama nyeusi tu kwenye vikombe, vile vya kaure vinavyotenga waya na chuma, kama mtu amevichoma kwa kijinga cha moto. Tunairudisha, inakaa. Siku mbili, tatu baadaye, pap.

Busia walikuwa wameanza kutuchoka. Wenye vinu vya kusaga walikuja depo. Kituo cha afya kilikuwa na friji ya chanjo. Kule mpakani kompyuta zikilala, malori yanalala nazo. Watu walitupigia simu wakatuita majina ambayo sitayaandika hapa, maana wajukuu wangu wanasoma. Ofisi kuu ikaamua kuna mtu anarusha waya juu ya laini ili izimike apate kuiba. Wakaajiri walinzi watembee chini yake alfajiri.

Na kweli wakamshika mtu. Mlinzi mmoja, Barasa, alimkuta mchungaji wa ng'ombe anayeitwa Okiru chini ya laini pale Masaba, mara tu baada ya stima kuzimika, ana gunia na fimbo ndefu yenye ndoano. Okiru alipomwona akakimbia. Gunia likaanguka kwenye matope ya kinamasi, likazama, na hakuna aliyetaka kuingia humo kulitafuta. Walipomuuliza lilikuwa na nini, hakujibu. Walipomuuliza ile ndoano ni ya nini, akasema ni ya kuvutia matawi ya kulisha mbuzi. Walipomuuliza kwa nini alikimbia, akanyamaza tena. Wakamweka ndani.

Baada ya hapo laini ikatulia. Asubuhi baada ya asubuhi stima iliwaka bila tatizo. Ofisini wakapongezana.

Mke wa Okiru alianza kuja depo. Jina lake Asekenye, mwanamke mwembamba wa Kiteso, na alikaa kwenye jiwe nje ya geti tangu tunafungua mpaka tunafunga. Walinzi walimwambia hapa si polisi. Alisema anajua. Siku moja nilimpelekea chai, nikakaa naye.

"Mama," akaniambia, "mimi natafuta mtu ya kunisikia. Kwa polisi hawanisikii."

"Nakusikia, dada."

"Bwana yangu hajagusa hiyo waya. Yeye nakwenda kuokota tu."

"Kuokota nini?"

Alikunywa chai kwanza. Aligeuza kikombe mkononi, akatazama geti, akatazama mikono yangu. Nadhani alikuwa anaamua.

"Ndege," akasema. "Ile kubwa, nyeupe, mguu nyekundu. Ikija nalala juu ya stima. Asubuhi moja naanguka. Okiru nakwenda kuchukua mapema kabla mbwa haijafika. Sisi nakula, mama. Watoto ni wengi."

Korongo. Ndiyo maana hatukuwahi kukuta kitu. Tulikuwa tunafika baada ya Okiru.

"Sasa kwa nini hasemi?"

Akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake, ile kanga aliyojifunga. Akatoa pete ya chuma, pana, imechorwa herufi na namba, herufi ambazo hata mimi sikuzielewa zinasema nini.

"Hii ilikuwa kwa mguu ya moja," akasema. "Kumbe ndege iko na mwenyewe. Okiru nasema hivi, ukiiba waya wanakufunga, hiyo tunajua. Lakini ukikula ndege ya mzungu, hiyo hatujui watakufanya nini."

Sikucheka. Mtu aliyekaa rumande akipima makosa mawili ili achague lipi lina nafuu si wa kuchekwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Othieno, na Mzee akanipeleka kwa Injinia Kiiza. Huyu Injinia alikuwa kijana kutoka magharibi ya Uganda, hana muda mrefu Tororo, mtu wa haki lakini mwangalifu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliigeuzageuza ile pete. Kisha akasema inawezekana kabisa, mkono ukiwa wa chuma na mabawa yakiwa marefu, ndege akigusa waya na chuma kwa wakati mmoja ni kama kuunganisha stima na ardhi.

"Mbona zamani hawakuwa wanakufa?" akauliza.

"Zamani mkono ulikuwa mbao," Mzee akajibu. "Na zamani hawakulala kwenye nguzo. Walilala juu ya mivule pale ukingoni. Mivule imekwenda kuwa milango."

Tulikwenda polisi sote watatu. Afande alituheshimu, akatupa viti. Aliiangalia pete, akairudisha mezani.

"Hii mtu anaweza kununua sokoni," akasema. "Na mke atasema nini zaidi ya hayo? Mimi niwaulize swali moja. Tangu tumshike huyu mtu, laini imezimika?"

"Hapana, afande," Injinia akasema.

"Basi. Jumatatu anakwenda kortini. Kama ni ndege, nileteeni ndege."

Ilikuwa Alhamisi.

Nadhani mnaona tulikofika. Ili Okiru atoke, ilibidi laini itripu tena, na sisi tuwepo tuone. Mimi ambaye kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha stima haizimiki, nilianza kuomba izimike. Ijumaa alfajiri tulikuwa Masaba. Injinia alikuwa ameazima darubini kwa rafiki yake anayetembeza watalii Jinja, na alikuwa na simu mkononi, mtu wa chumba cha kuongozea laini akisubiri upande wa pili. Mzee alikuwa na fimbo yake. Mimi nilikuwa na thamosi ya chai ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Nguzo zilikuwa tupu.

Kulipopambazuka ndege walikuwa kila mahali isipokuwa tuliowataka. Mbayuwayu walikuwa wamejaa kwenye waya, wamebanana, kila mara wanaruka wote pamoja na kurudi wote pamoja kama wamesahau kitu. Hao hawana madhara, mguu mdogo unashika waya mmoja tu, stima inawapita. Keremkerem walipita juu sana, huwaoni, unasikia tu sauti zao zikiteremka. Yangeyange walishuka kwa ng'ombe. Mwewe walizunguka. Kila kitu angani kilikuwa kinakwenda mahali, na mimi sikuweza kusimama palepale. Nilikwenda mpaka nguzo ya kona nikarudi. Nikaenda tena.

"Kaa, binti yangu," Mzee akasema. "Unawatisha."

"Hawapo, mzee. Ninamtisha nani?"

"Unanitisha mimi."

Jumamosi hali ikawa ileile, na mvua juu yake. Nilirudi nyumbani nimelowa, sikula. Nilifikiri labda wameshapita, na ndiyo maana laini ilikuwa imetulia. Korongo hawana mkataba na mtu. Wanatoka kwenye baridi huko kwao, wanafuata viwavi na panzi, mvua ikiwavuta kusini wanakwenda, na huwaoni tena mpaka mwaka mwingine. Okiru angekwenda kortini, angesema hajui, angefungwa, na sisi mwaka unaofuata tungejua kwa hakika kwamba tulikuwa sahihi. Faida yake nini?

Jioni ile Mzee alinipigia simu. Mtu wa boda aliyetoka Kiyeyi alikuwa amewaona kwenye shamba lililolimwa, wengi, shamba lote limekuwa jeupe, wakitembea nyuma ya jembe la ng'ombe kama vibarua. Halafu wameinuka wakaelekea upande wa Masaba.

"Kesho," Mzee akasema. "Na tutakwenda na Barasa."

"Yule mlinzi? Wa nini?"

"Yeye ndiye aliyemshika. Nataka aone kwa macho yake, asije akaambiwa."

Jambo moja lingine alilifanya Mzee ambalo mimi sikulifikiria. Alimpigia simu mkubwa wa kituo cha afya Busia, akamwambia kesho alfajiri stima inaweza kwenda, awashe jenereta mapema kwa ajili ya friji. Yule akamuuliza amejuaje. Mzee akasema ni ukarabati.

Jumapili tulifika kukiwa bado kijivu. Asekenye alikuwa ametutangulia, amesimama kwenye njia ya ng'ombe na leso imefungwa kichwani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mafunjo hata huoni maji. Mwanzoni nilidhani nguzo zimerefuka. Halafu macho yakazoea.

Walikuwepo. Kila nguzo ya kinamasini ilikuwa na korongo juu ya mkono wake, wengine wamesimama mguu mmoja, vichwa vimezama mabegani. Mmoja akaanza kugonganisha midomo, tatatatata, kama mtu anatikisa vijiti, na mwingine akamjibu kutoka nguzo ya mbali. Nilikuwa nimetembea chini ya laini hiyo maisha yangu yote nikitazama vikombe, nati na nyufa. Sikuwahi kusimama tu na kutazama ndege. Walikuwa wazuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ilinisumbua, maana nilikuwa nimekuja kusubiri mmoja wao afe.

Kadiri kulivyopambazuka ndivyo walivyokosa utulivu. Walikunja miguu, wakabadilisha, wakasukumana. Mmoja alifungua mabawa nusu, akayafunga. Mwingine alitembea mpaka mwisho wa chuma akatazama chini kama anayeogopa kuruka. Injinia hakuondoa darubini machoni. Barasa alisimama mikono nyuma.

Kundi la kwanza likaondoka kwenye nguzo ya mbali. Waliruka vizuri, wakapita chini ya waya, wakafunguka juu ya mafunjo. Hakuna kilichotokea. Nguzo ya pili wakaondoka. Nguzo ya tatu. Kila walipoondoka salama nilishusha pumzi kwa ajili yao, na papo hapo moyo ukazama kwa ajili ya Okiru. Sijapata tena asubuhi nyingine ya kutaka mambo mawili kwa nguvu namna ile. Jua likachungulia. Kundi zima lilikuwa limeshashuka kwenye malisho, likaanza kula viwavi. Nguzo moja tu ilibaki, karibu na tulipokuwa, na juu yake korongo watatu.

"Mama," Asekenye akasema polepole, "hawa nao watakwenda tu."

Nikaendelea kuwatazama.

Wawili wakaruka. Wa tatu alikuwa mdogo, mdomo wake haujawa mwekundu sawasawa. Aliona wenzake wamekwenda, akageuka haraka kuwafuata, akafungua mabawa yote mawili kabla hajauacha mkono wa chuma.

Sauti ilikuwa kama ya mjeledi, mwanga wa buluu, halafu kimya. Kundi zima la malishoni likainuka. Korongo yule akaanguka kwenye nyasi, mzito, kama nguo iliyolowa. Simu ya Injinia ikalia na sote tukaisikia, kwa sababu aliishika mbali na sikio lake.

"Injinia, laini ya Busia imezimika sasa hivi. Mko wapi? Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu," Injinia akasema. "Tumeona."

Hakuna aliyefurahi. Asekenye alikaa chini palepale njiani, akafunika uso kwa leso. Barasa alikwenda, akachuchumaa mbele ya yule ndege, akamtazama muda mrefu. Manyoya ya bawa moja yalikuwa yameungua na mguu mmoja umekuwa mweusi. Alikuwa bado wa moto nilipomwinua. Mzee Othieno alivua kofia, sijui ni kwa ajili ya ndege au kwa ajili ya jasho.

Asekenye ndiye aliyembeba. Aliivua leso, akamviringisha korongo humo, na akaingia naye polisi mbele yetu sote. Afande wa zamu ndiye yule yule. Barasa akatangulia kusema kabla Injinia hajafungua mdomo.

"Afande, ni mimi nilimshika Okiru. Aliyezima stima ni huyu hapa. Nimeona kwa macho yangu mawili."

Afande alifunua leso. Alinusa ule unyoya ulioungua. Alimtazama Barasa, akamtazama Injinia, akatazama ule mguu mrefu uliokuwa unaning'inia nje ya meza.

"Huyu hawezi kuandika maelezo," akasema mwishowe.

"Nitayaandika mimi," Injinia akajibu, akavuta kiti.

Okiru alitoka mchana. Alikuwa amekonda, anafinya macho juani. Hakutusalimia na sikumlaumu. Alimwuliza mke wake kama ng'ombe wamekunywa maji, mke akasema wamekunywa, na wakaondoka kwa miguu, yeye mbele, mke nyuma, ingawa gari letu lilikuwa linakwenda upande huohuo.

Wiki ile tulizima laini siku nzima, tukaifunga ethi, tukapanda. Vifaa vya kisasa vya kazi hiyo viko, lakini ofisi ilisema vitachukua muda kufika, nao korongo walikuwa wanafika kila jioni. Tulinunua bomba jeusi la maji, tukalipasua kwa urefu, tukauvika waya pande zote mbili za kila nguzo ya kinamasini. Juu kabisa ya nguzo tukafunga ubao wa kukalia, mbali na chuma. Mimi nilipanda nguzo ile ya mwisho. Okiru alikuwa anachunga chini yake, na nilipokuwa juu alipaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ubao iko fupi," akasema. "Wao nakaa wengi."

Tukaurefusha.

Alfajiri zilizofuata niliendelea kwenda pale hata kabla ya zamu yangu. Walilala kwenye ubao, waliondoka, laini ikakaa. Ofisi haikuniagiza. Mume wangu aliuliza kama nina mtu huko Masaba, nikamwambia ninao wengi, wana miguu myekundu.

Kisa kiliishia hivi. Injinia Kiiza alinakili maandishi ya ile pete kabla ya kuirudisha kwa Asekenye, akatafuta kwenye mtandao watu wanaoweka pete za aina ile, akawaandikia. Tulishasahau majibu yalipokuja. Alinichukua mimi na Mzee tukaenda naye mpaka nyumbani kwa Okiru. Tulikaribishwa viti kivulini. Okiru alibaki amesimama.

Injinia akasoma kwenye simu, akitafsiri polepole. Ndege wa ile pete alivishwa akiwa kinda, katika kijiji cha wakulima huko Poland. Kiota chao kilikuwa juu ya nguzo ya stima.

Mzee Othieno aliinama, mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kama anacheka.

"Wanashukuru sana kwa habari," Injinia akaendelea. "Hawana kesi na mtu. Wanauliza tu mwisho wake ulikuwaje. Nitawaandikia alipigwa na stima, inatosha."

Okiru alitazama upande wa kinamasi. Asekenye alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, naye akamtazama mume wake.

"Hapana," Okiru akasema. "Andika yote. Andika ilianguka kwa stima yenu. Halafu andika sisi nilikula, na watoto nililala wameshiba."

Injinia akaandika hivyo hivyo, akamsomea mpaka mwisho, akamwuliza kama iko sawa. Okiru akavuta kiti, akakaa, akasema iko sawa, tuma.